Faili Lisilosogea

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa uzamivu amekwama, usimuulize yeye. Atakwambia anaendelea vizuri, yuko anamalizia sura ya pili. Sura hiyohiyo alikuwa anaimalizia mtoto wake akiwa chekechea, na sasa mtoto anajua jedwali la kuzidisha. Mimi hufungua faili. Ndani yake kuna fomu za maendeleo ambazo mwanafunzi na msimamizi wake hujaza na kutia saini kila baada ya miezi sita. Nikiona nafasi ya tarehe ya kikao cha mwisho imeachwa wazi mara mbili mfululizo, najua kuna watu wawili wanaokwepana kwenye korido.

Mimi mwenyewe si daktari wa falsafa, wala sina mpango huo. Ni ofisa katika ofisi ya masomo ya juu ya chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Napokea fomu, nagonga mihuri, nakumbusha watu wazima wajibu wao kwa adabu. Wanafunzi huniita Mama, hata wale walionizidi umri. Mezani kwangu hupita walimu wa sekondari, wauguzi, mapadri na maofisa wa halmashauri, na karibu wote huanza na swali lilelile: Prof yuko?

Watu wa nje hudhani kusoma uzamivu ni kusoma zaidi tu, kama kupanda kutoka darasa la sita kwenda la saba. Sivyo. Shahada ya kwanza ina vipindi, majaribio na mitihani; anayezembea hujulikana mapema. Uzamili kwa kawaida una masomo ya darasani, kisha tasnifu. Kwenye uzamivu wa utafiti mtupu hakuna kengele. Mtu anapewa swali moja kubwa, msimamizi mmoja au wawili, na miaka mitatu ya kwenye karatasi. Anatakiwa aandike pendekezo la utafiti na kulitetea, aende uwandani kukusanya data, arudi kuandika kitabu chenye jambo ambalo halijasemwa na mtu mwingine, kisha aketi mbele ya jopo la watahini. Katika muda wote huo, mtu pekee ambaye chuo kimemkabidhi ni msimamizi.

Na msimamizi huyo hakusomea kusimamia. Alisimamiwa tu. Mtindo wenyewe umetoka mbali: Yale ilitoa uzamivu wa kwanza Marekani mwaka 1861, Oxford ikauanzisha mwaka 1917, na chuo cha Mlimani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Wahadhiri wengi wa enzi zile walipata shahada zao ng'ambo. Walter Rodney, aliyefundisha historia pale Mlimani, alipata yake London mwaka 1966. Kila aliyerudi alirudi na tabia za aliyemsimamia. Ndiyo maana katika idara moja utamkuta mwalimu anayerudisha kazi ndani ya juma, na mlango wa pili yuko anayeamini kwamba mwanafunzi asipoteseka hajasoma. Wote wawili wanaiga.

Niseme wazi ninachokiona kutoka kwenye kiti hiki: tasnifu nyingi haziuawi na ugumu wa nadharia. Zinauawa na ukimya, na ukimya wenyewe huvaa nguo ya heshima.

Huwa hivi. Mwanafunzi anatuma sura kwa baruapepe. Juma la kwanza linapita, la pili, la tatu. Kumkumbusha mkubwa anaona ni kumsumbua, basi ananyamaza. Prof, ambaye ana vipindi vya shahada ya kwanza, vikao vya bodi, rundo la mitihani na pengine kazi ya ushauri wa mradi fulani huko Dodoma, hata hajaifungua ile baruapepe. Baadaye anapokumbuka, anajiambia kwamba huyu kijana angekuwa na haraka angekuja. Mwanafunzi naye ameshaamua kwamba Prof amekasirika, sura ni mbovu. Siku wanapokutana kwenye ngazi, mmoja anasema shikamoo, mwingine anaitikia marahaba, na hakuna anayetaja sura. Mwaka unaondoka hivyo. Nimewahi kuwaita wawili wa namna hiyo ofisini kwangu siku moja na saa moja bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Mazungumzo yao hayakumaliza hata nusu saa, na faili likaanza kusogea.

Umri nao huleta vichekesho vyake. Alikuja mwalimu mkuu mmoja wa sekondari, amebakiza miaka michache astaafu. Akapangiwa msimamizi kijana, ndiyo kwanza amerudi na shahada yake kutoka Ujerumani. Kikao cha kwanza kilichelewa kuanza: kijana kaamkia kwa sababu mbele yake kasimama mzee wa makamo ya baba yake, na mzee kaamkia kwa sababu aliyeketi nyuma ya meza ni Dokta. Shikamoo mbili zikagongana, hakuna marahaba. Wakacheka mpaka katibu muhtasi akachungulia. Hao walimaliza mapema kuliko nilivyotegemea. Nafikiri kile kicheko kiliondoa ile hofu ya kuonekana hujui, ambayo wengine huibeba mpaka mwisho.

Kwa upande wa pili nina mfano wa profesa mmoja mwanamke ambaye wanafunzi humwita Bibi akiwa hasikii. Hapokei kurasa mia. Kurasa mia zikitumwa kwa mkupuo, anasema, ni kama gunia la mchele usiochambuliwa: kila mtu anaupenda wali, lakini gunia litakaa stoo. Yeye hutaka kumi, na huzirudisha kabla wiki mbili hazijaisha. Pembeni huandika machache: fafanua, umejuaje, na lile wanalolichukia wote, kwa hiyo? Kila kikao kikiisha, mwanafunzi ndiye anayeandika nusu ukurasa wa waliyokubaliana na tarehe ya kukutana tena, anamtumia Prof na nakala kwangu. Wananung'unika kwamba wanafanywa makarani. Lakini mwalimu akisahau alichosema mwezi uliopita, na wote husahau, ile nusu ukurasa ndiyo wakili wa mwanafunzi.

Ana ujanja mwingine ambao sijauona kwa wengine. Tasnifu nyingi nchini huandikwa kwa Kiingereza. Kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, wanaosomea Kiswahili huandika kwa Kiswahili, lakini huko kwingine mtu anayeeleza utafiti wake vizuri sana kwa mdomo hugeuka mti mkavu akishika kalamu. Bibi humwambia aweke simu mezani, arekodi, aeleze kwa Kiswahili kama anavyomweleza shangazi yake. Kisha aende nyumbani, asikilize, aandike alichokisema. Lugha huja baadaye, wazo ndilo linalotakiwa liwepo.

Mwanafunzi wake mmoja ni mwalimu kutoka Kilolo, mkoani Iringa. Alikuja na mada iliyokusudia kueleza simu za mkononi na maendeleo ya kilimo Tanzania. Nchi nzima, mazao yote, ndani ya miaka mitatu! Kila kikao Bibi alikata kipande. Ikawa mkoa, ikawa wilaya, ikawa nyanya, mwisho ikawa wanawake wanaolima nyanya Ilula na namna wanavyopata habari za bei kabla dalali hajafika shambani. Aliyewahi kupita barabara ya Iringa anayakumbuka yale matenga ya nyanya kandokando ya lami. Mwanafunzi alilia kwa kuona mada yake imekuwa ndogo. Watu hawaamini kwamba kazi kubwa ya msimamizi katika mwaka wa kwanza ni kupunguza.

Halafu zikaja barua, na hapa ndipo ofisi yangu inapoingia. Mtafiti hawezi kushuka kwenye basi na kuanza kuuliza watu maswali. Anatoka na barua ya Makamu Mkuu wa Chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa unaandika kwenda wilayani, halmashauri inapewa taarifa, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, na kila meza ina muhuri wake na mtu aliyekwenda semina. Utafiti unaogusa afya huhitaji pia ridhaa ya kimaadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo mlango mkuu. Mgeni kutoka nje ya nchi hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Msimamizi anayejua njia hii humwambia mwanafunzi aanze barua huku bado anarekebisha hojaji. Asiyejua humwacha agundue mwenyewe, na nyanya hazisubiri: msimu ukipita, umepita.

Bibi pia alimlazimisha yule mwalimu wa Kilolo jambo ambalo lilionekana dogo. Kila jioni atume nakala ya alichokusanya kwa baruapepe yake mwenyewe. Nimeshuhudia mtu mzima akilia ofisini kwa sababu begi lenye kompyuta lilipotea kwenye kituo cha mabasi cha Mbezi Luis, na humo ndimo ulimokuwa mwaka wake wote wa uwandani.

Sasa tuwatetee na wasimamizi, maana mimi huwaona wakitoka saa mbili usiku. Wanafunzi wa shahada za juu wameongezeka kuliko walimu wenye sifa za kuwasimamia. Kenya walijaribu kuweka mpaka: kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 zilisema msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi watatu wa uzamivu na watano wa uzamili katika mwaka wa masomo. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilipotunuku uzamivu 118 katika mahafali moja, watu waliuliza nani aliwasimamia wote hao, na Tume ikaenda kuchunguza. Hapa kwetu nami nilipiga hesabu za walimu wangu usiku niliposoma habari hiyo. Idadi siitaji, ila sikushangaa tena kwa nini baruapepe hazifunguliwi.

Yapo pia mambo ambayo si uzembe wala uchovu. Pale mtu mmoja anaposhika kalamu inayoamua maisha ya mwingine, na mlango unafungwa, wapo wanaodai malipo ya mwili. Hilo lina jina, rushwa ya ngono, na lina kifungu: cha 25 katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Wasichana wanaokuja kwangu huwa hawasemi moja kwa moja. Huomba kubadilishiwa msimamizi na sababu wanaandika mgongano wa mada. Nikiona sababu hiyo kwa mwalimu yuleyule zaidi ya mara moja, simuulizi binti maswali ya mada. Nafunga mlango, namchotea maji, namweleza njia za kulalamika na kwamba nitakwenda naye. Ninavyopenda mimi, vikao vyote vingefanyika katika vyumba vyenye vioo.

Wako na wanafunzi wanaonunua tasnifu. Waandishi wa kukodishwa wapo tangu zamani, na siku hizi akili mnemba huandika kurasa ishirini kabla chai haijapoa. Chuo kina programu ya kukagua wizi wa maandishi na inasaidia kiasi chake. Lakini Bibi hana haja nayo sana. Aliyezipokea kurasa kumikumi, akasikia sauti ya mtu kwenye simu akihangaika na wazo lake, atajua mara moja sura inayofuata ikija imenyooka kwa lugha ya mtu mwingine. Anayeonana na mwanafunzi wake mara moja kwa mwaka ndiye anayehitaji mashine imwambie nani ameandika.

Baada ya kuandika, kazi hutoka mikononi mwa wawili hawa. Inakwenda kwa mtahini wa ndani na wa nje, na wa nje anaweza kuwa Nairobi, Kampala au Bayreuth, naye ana rundo lake. Huo ni muda ambao mimi huandika barua za kukumbusha zenye heshima inayopungua taratibu. Ripoti zikirudi, ndipo utetezi. Familia hudhani siku hiyo ndiyo mwisho. Huja na maua na kitenge cha sare. Wachache sana hupita bila masharti. Walio wengi hupewa marekebisho, madogo au makubwa, na tarehe ya kuyaleta, na cha ajabu, hapa ndipo wengine hukwama upya. Wamechoka, wamerudi kazini, ndugu wameshaanza kuwaita Dokta. Orodha ya marekebisho inakaa kwenye droo, na msimamizi anadhani kazi yake iliishia kwenye picha ya pamoja.

Yule mwalimu wa Kilolo alitetea mwezi uliopita. Watahini walimsifu kwa ile sura ya madalali, wakamwambia aandike upya mapitio ya maandiko na apunguze majedwali. Marekebisho yanatakiwa Ijumaa. Leo asubuhi amenipigia simu kutoka Iringa, ameanza na shikamoo Mama, akanisalimia na nyumbani wote, ndipo akauliza kwa sauti ndogo kama Jumatatu haitakuwa mbaya sana. Nikamuuliza kama Bibi anajua. Kimya. Nikamwambia akate simu ampigie yeye kwanza.