Je, Wajua? Treni ya Mfano Iliyosimama Bado Ina Umeme Wote Chini ya Magurudumu

Je, wajua kwamba kichwa cha treni ya mfano kinachoendeshwa kidijitali hupata volti zilezile kikiwa kimesimama stesheni na kikiwa kinapanda mlima? Reli zake hazipunguziwi volti wala haziongezewi. Kinachobadilika ni amri tu, na amri yenyewe husafiri ndani ya umeme huohuo. Ndiyo maana taa huwaka na honi hulia hata magurudumu yakiwa yametulia.

Treni tunazozizungumzia hapa si zile ndogo za kuwekwa mezani. Ni treni kubwa za bustanini, zilizoenea baada ya kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, kuzindua chapa ya LGB mwaka 1968. Reli zake mbili zimeachana milimita 45, na kila kitu kimepunguzwa mara 22.5. Zidisha namba hizo: utapata milimita 1,012.5, yaani mita moja na ushei. Mita moja ndiyo upana wa reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901, na ndiyo upana wa Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma.

Kwa hiyo anayetaka kuunda kwa kipimo hiki injini ya mvuke aina ya Garratt ya daraja la 59, reli yake ipo tayari. Injini hizo zilikuwa 34. Zilitengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya East African Railways, zikapewa majina ya milima yetu. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 31. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Mfano wake utafika karibu mita 1.4, na utahitaji mota mbili, kwa sababu Garratt ina seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele na moja nyuma. Jitu kama hili ulipe umeme kiasi gani?

Amri iliyomo ndani ya umeme

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Ulizungusha kitufe, volti zikapanda, treni ikaenda mbio. Ukazishusha, ikapunguza mwendo. Tatizo ni kwamba treni mbili zilizo kwenye reli moja zilitii mkono mmoja kwa pamoja, kila moja ikienda pale ile nyingine inapokwenda.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilibuni njia nyingine, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kikaifanya kuwa kiwango cha kufuatwa na watengenezaji. Katika mfumo huu reli hubeba volti kamili muda wote, lakini chanya na hasi hubadilishana nafasi maelfu ya mara kwa sekunde. Badiliko la haraka, ambalo kila nusu yake huchukua sehemu 58 za milioni za sekunde, husomwa kama 1. La polepole, lenye nusu za sehemu 100 au zaidi, husomwa kama 0. Namba hizo zikipangwa huwa sentensi: injini namba fulani, nenda mbele, mwendo wa 40.

Ndani ya kila injini kuna chipu ya kupokea amri, ambayo mafundi huiita dikoda. Huchukua umeme wa reli, husikiliza namba yake ikiitwa, kisha huipa mota umeme kwa vipande vifupi vifupi. Dikoda nyingi hufanya jambo la ajabu zaidi: hukata umeme kwa kitambo kidogo sana na kupima umeme ambao mota yenyewe inauzalisha inapozunguka. Mota ikianza kuchoka mlimani, dikoda huona na kuongeza nguvu bila kuambiwa.

Volti na ampea si kitu kimoja

Wengi hukosea hapa. Wakiona kifaa kimeandikwa ampea 10, huogopa kwamba kitaunguza injini. Hebu tazama ukuta wa nyumba yako. Soketi inayoendesha pasi ndiyo hiyohiyo inayochaji simu, na simu haiungui kwa sababu pasi inaweza kula zaidi. Kifaa huchota ampea kinazohitaji na si zaidi. Kinachokiunguza kifaa kizima ni volti zisizo zake.

Volti basi ndizo zinazotakiwa kulingana. Treni za bustanini huhitaji kati ya 18 na 22. Zikipungua sana, injini haitafikia mwendo wake wa juu. Kiwango cha NMRA kimeweka ukomo wa volti 22 relini.

Ampea lazima upime mwenyewe. Unganisha kipima umeme kwenye waya mmoja unaopeleka umeme relini, ukitumia umeme wa kawaida wenye uelekeo mmoja kama wa betri, si wa kidijitali, maana vipimo vingi vya bei nafuu hudanganywa na umeme unaogeuka kwa kasi ile. Weka injini relini, ongeza volti, kisha ishike kwa mkono ili isiende. Utayaona magurudumu yakianza kuteleza na kuzunguka palepale, na namba kwenye kipimo ikipanda. Namba hiyo ndiyo njaa ya injini yako ikiwa kwenye kazi ngumu kuliko zote. Achia upesi.

Tuseme kila mota ya Garratt yetu imesoma ampea 1.5. Mbili ni 3. Ongeza 1 kwa taa, spika na kifaa cha kutoa moshi: jumla 4. Dikoda ya ampea 3 haifai hapo, hata kama duka litakuahidi vipi. Ukitaka injini mbili za namna hiyo kwa wakati mmoja unahitaji ampea 8, na kwa volti 20 hizo ni wati 160. Kifaa kinachokuza umeme na kuusukuma relini, yaani busta, lazima kizimudu, na chanzo cha umeme kilicho nyuma yake kizidi kidogo.

Njia nayo hula umeme. Ikiwa waya na maungio ya reli yana ukinzani wa omu 0.5 tu, ampea 4 zitapoteza volti 2 njiani. Bustanini, mvua na vumbi hufubaza maungio ya shaba nyeupe, na treni huzubaa mwisho wa shamba wakati karibu na nyumba inakimbia vizuri. Dawa si kuongeza volti. Ni kufunga maungio kwa vibano vya skrubu na kupeleka waya mnene sehemu kadhaa za reli.

Sarafu ya shilingi

Nguvu hiyo ina hatari yake. Ampea 10 kwa volti 20 ni wati 200, mara tano ya chuma cha wati 40 anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi. Behewa likianguka na kugusisha reli mbili, joto hilo lote linaweza kutua kwenye gurudumu moja na kuyeyusha plastiki. Kwa hiyo kila reli ijaribiwe hivi: nenda mwisho kabisa wa njia, laza sarafu juu ya reli zote mbili. Busta inatakiwa kukata umeme papo hapo. Ikiwa sarafu inatoa cheche na busta haijakata, reli hiyo si salama. Ndiyo maana reli kubwa ni bora igawanywe vipande, kila kipande na busta yake ya ampea 5, kuliko kuwa na busta moja kubwa kwa bustani nzima.

Wapo wanaoacha umeme wa reli kabisa na kuweka betri ndani ya injini, amri zikija kwa redio. Seli sita za lithiamu, kila moja volti 3.7, hutoa volti 22.2, na tangi la maji la mbele la Garratt lina nafasi ya kuzibeba. Reli ikichafuka, treni haijali. Ila betri huisha, na lithiamu inataka chaja yake na kinga yake dhidi ya shoti.

Kamba hukatikia pabovu. Anza kwa kupima injini, ndipo uchague dikoda, ufuate busta, na umalizie na chanzo cha umeme. Anayeanzia dukani bila kupima huishia kuunguza dikoda isiyotosha. Volti zilingane, ampea zizidi, na ulinzi ukate haraka.