Feza ya telefone Rutshuru: mambo ya kujua wakati noti zinakosa

M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga, pamoja na tawi la Banki Kuu ya Kongo. Maharagwe na mahindi ya Rutshuru yanauzwa Goma. Kwa hiyo uhaba wa noti ulifika mpaka Kiwanja. Franga zinazobaki zinazunguka mpaka zinachakaa, na noti iliyopasuka inakataliwa sokoni.

Ndiyo maana watu wengi wanalipana kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Lakini mwenye kabini anakutolea feza tu kama ana noti mkononi. Zikikosa, anaweza kukata zaidi ya bei ya kampuni.

Basi, muuzaji akikubali, umulipe moja kwa moja kwa telefone, usitoshe kwanza. Uliza makato mbele ya kutuma. Namba ya siri usiambie mtu, hata mwenye kabini. Weka noti kidogo nyumbani, kwa siku rezo inakatika ao batri inaisha.

Na mama anayeuza bila telefone tusimusahau: yeye ndiye wa kwanza kukosa wateja. Noti chache ulizo nazo, umupelekee yeye.