KAA SI NDUGU YA BUIBUI
Wapo wamhesabuo kaa pamoja na buibui na nge, ati kwa kuwa wote wana miguu ya viungo na ganda nje ya mwili. Hatukubaliani nao. Buibui ana miguu minane, wala hana vipapasio. Kaa ana miguu kumi, magando mawili yakiwamo, na vipapasio jozi mbili. Naye hupumua kwa matamvua kama jamaa zake kamba na kambakochi. Matamvua hayo yataka unyevu, na kaa wa mikoko huupata mikokoni. Kwa hiyo twawaomba wakuu wa Serikali wazuie ukataji ovyo wa mikoko, na wavuvi wetu wamrudishe majini kila jike abebaye mayai tumboni pake.