Kikri, ugonjwa na neno 'uzima'

VIJITABU vyetu vya afya huandikwa kwa nomino: dalili hii, ugonjwa ule. Kisha mgonjwa anafika zahanati na kusema, "Daktari, kichwa yangu inauma, halafu niko na homa." Kwa Wakenya wengi, homa hiyo ni mafua. Aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni atatafuta kipimajoto.

Katika makala ya leo ninatazama Kikri, lugha ya wenyeji asilia wa Kanada inayozungumzwa kuanzia Alberta hadi Quebec. Mifano yangu mingi ni ya lahaja ya nyanda za magharibi. Humo, ugonjwa kwanza ni kitenzi. 'Âhkosiw' ni 'anaugua'. Nomino 'âhkosiwin', ugonjwa, hupatikana kwa kukiongezea kitenzi hicho kiambishi '-win'. Mwenye mafua ni 'otakikomiw', yaani ana makamasi. Hapo hakuna wa kubabaika!

Hebu tutazame kichwa. Mkri anayeumwa husema 'nitêwistikwânân'. 'Ni-' ni nafsi ya kwanza (kufanana na yetu ni sadfa tu, msinipigie simu), 'têw-' ni kuuma, na katikati kuna '-istikwân-', kichwa chenyewe, kilichomezwa na kitenzi. Anayeumwa na jino ni 'têwâpitêw', kwa utaratibu uo huo. Kwetu, kichwa ndicho kiima: kinaniuma, nami ni mtendwa. Kwao kiima ni mtu, na kichwa ni sehemu ya hali yake. Sisi humrejesha mtu huyo kwa kauli ya kutendwa: naumwa na kichwa.

Maradhi mapya nayo hupewa majina kwa mbinu tunayoijua. Kisukari ni 'sôkâwâspinêwin', ugonjwa wa sukari, 'sôkâw' ikiwa imetoholewa kutoka Kiingereza. Hospitali ni 'âhkosîwikamik', nyumba ya ugonjwa.

Wakri wa James Bay, Quebec, wamechagua njia nyingine. Vituo vyao vya afya vinabeba neno 'miyupimaatisiiun', kuwa hai vizuri. Mwanaanthropolojia Naomi Adelson, aliyefanya utafiti katika kijiji cha Whapmagoostui na kuchapisha kitabu kuhusu neno hilo mwaka 2000, anaonyesha kwamba 'afya' haitoshi kulitafsiri. Ndani yake mna kula chakula cha porini, kutopigwa na baridi, kuweza kwenda kuwinda, na uhusiano wa watu na ardhi yao.

Kusema kweli, neno la kulikaribia tunalo. 'Afya' tuliipata kwa Waarabu, lakini 'uzima' una mzizi wa Kibantu. Anayekuuliza "U mzima?" anauliza kwa mpigo mmoja kama u hai, kama huugui, na kama hujapungukiwa na kitu. Ajabu ni kwamba neno hilo tumeliachia salamu na mahubiri. Vijitabu vimebaki na 'ustawi wa kiafya', maneno ambayo sijamsikia mgonjwa yeyote akiyatamka.