Kwa nini mwalimu anamwogopa asistanti sosiali?

Ninyi wazazi mliohama kwa sababu ya vita, nanyi viongozi wao, mara nyingi mnatuuliza: «Mbona mwalimu anakunja uso akimwona asistanti sosiali anaingia shuleni? Je, hapendi watoto wetu?» Mimi ninatumika Kaniama na katika vijiji vya kandokando ya reli, kati ya Kamina na Mwene-Ditu, na nimeketi na walimu wengi. Jibu langu ni kwamba mara nyingi mwalimu hamchukii mtoto. Anamwogopa mgeni mwenye daftari.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Asistanti sosiali hafundishi, wala hakagui masomo. Anatafuta kujua ni nini huko nyumbani kinachomzuia mtoto kujifunza: njaa, ugonjwa, kazi nyingi, kipigo, kufiwa. Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1906 na 1907, huko Marekani, miji ya New York, Boston na Hartford ilianza kutuma watu wa kutembea kati ya shule na nyumba za watoto, nao waliitwa «walimu watembeleaji». Walianza wakiitwa walimu! Kwetu, shule nyingi za msingi hazina hata mmoja wao. Anayefika ametumwa na ofisi ya Mambo ya Jamii au na shirika fulani, anapita mara moja moja, kisha anaondoka.

Mzizi wa kwanza wa mashaka ni feza. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa ipasavyo, mzazi ndiye aliyemlisha mwalimu. Sasa fikirini: asistanti sosiali anafika na orodha ya watoto 15 wa watu waliohama, anamwomba direkta wasifukuzwe kwa sababu hawana kitu. Ombi lilikuwa la haki. Lakini kwa mwalimu, majina yale 15 yalikuwa unga wa nyumba yake, na aliyeleta orodha alikuja na pikipiki, mshahara wake ukimngoja mwisho wa mwezi. Masomo ya msingi bila malipo, ambayo Katiba ya 2006 ilikuwa imeahidi, yalianza kweli Septemba 2019 katika shule za serikali. Madarasa yakajaa, na walimu wengi wakaendelea kufundisha bila majina yao kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Kidonda kile hakijapona.

Mzizi wa pili ni hofu ya kushtakiwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda mtoto asitendewe ukatili, hata asiitwe mchawi. Walimu wengi hawajawahi kuisoma. Wamesikia tu kwamba inafunga watu. Hapa ninakiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza niliketi nyuma ya darasa moja, nikaandika kimya. Mwalimu akaacha kufundisha, na tangu siku ile akakataa kunisalimu. Nilikuwa ninahesabu madawati tu! Lakini angejuaje, nami sikumwambia neno?

Tena kuna walimu wazee wanaosema: «Kijana huyu atanifundisha nini? Mtoto mwenye njaa ninamgawia muhogo wangu mimi mwenyewe.» Wanasema kweli, nasi tungeanza kwa kuwashukuru.

Lakini wawili hao wasiposemezana, mtoto ndiye anayelipa. Wakati wa vita vya Kamuina Nsapu, mwaka 2016 na 2017, zaidi ya watu milioni 1 walihama makwao katika Kasai, na shule nyingi zilishambuliwa. Kati ya jamaa zilizoshuka kwetu kulikuwa na mvulana mmoja kutoka upande wa Luilu. Aliwekwa mwaka wa pili, akaketi bila kusema. Mwalimu alimwona ana kichwa kigumu. Darasani walifundishwa kwa Kiswahili, naye alijua Kiluba cha Kasai peke yake. Nyumbani, bibi yake alikuwa amekwisha kumweleza mwenzetu kwamba mtoto alifikia mwaka wa nne, na buletini yake iliungua pamoja na nyumba. Habari hiyo ilikaa ndani ya daftari miezi mingi, kwa sababu mwenzetu na mwalimu walikuwa hawasalimiani.

Mwishowe direkta aliwaketisha chini ya mwembe. Kesho yake mwalimu akaandika hesabu ubaoni, namba tupu, bila maneno. Mvulana akazimaliza kabla ya wote. Juma lililofuata akapandishwa mwaka wa tatu.

Wazazi wengine wanatuambia: «Siri zetu zitatangazwa shuleni.» Wana haki ya kuogopa. Mwalimu anahitaji kujua kwamba mtoto amepoteza buletini, kwamba halali usiku, kwamba anashtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Hahitaji kujua mama yake alitendewa nini njiani. Mwambieni asistanti sosiali waziwazi neno gani lifike shuleni na lipi libaki kwake. Mkiona amevuka mpaka huo, mwiteni mbele ya viongozi wenu.

Nanyi viongozi, asistanti sosiali akifika, mpelekeni kwanza kwa direkta na kwa kamati ya wazazi, aeleze kazi yake mbele ya walimu wote kabla hajafungua daftari. Ombeni pia aangalie watoto wa wenyeji waliowapokea. Katika shule moja, msaada ulitolewa kwa watoto waliohama tu, na watoto wa wenyeji, wenye njaa ileile, wakaanza kuwapiga wenzao njiani. Walimu walikuwa wametuonya, hatukusikia.

Mwalimu yule wa mvulana wa Luilu bado anafundisha. Juzi ametuma mtoto na karatasi ndogo kwa mwenzetu: «Kuna msichana amekosa siku nne. Njoo tuende kwao.»