Fahamu: Utomvu wa mimea na fistula ya njia ya haja kubwa

Ukikatwa uzio wa mmea uitwao kariaria huko Kianyaga, Kenya, utomvu mweupe kama maziwa huchuruzika. Haufai kabisa kupakwa kidondani: huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha.

India, waganga wa Ayurveda hupaka uzi utomvu wa mmea wa jamii hiyo, manjano na chumvi ya majivu ya mimea, kisha huupitisha ndani ya fistula, yaani tundu lisilo la kawaida linalounganisha njia ya haja kubwa na ngozi ya karibu. Jaribio lililochapishwa mwaka 1991 lilionyesha uponaji wa wiki 8 dhidi ya 4 za upasuaji, lakini fistula ilirudi kwa asilimia 4 badala ya 11. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, si ya nyumbani.

Mpasuko wa njia ya haja kubwa, yaani ngozi iliyochanika hapo, ni habari nyingine. Mara nyingi hupona kwa maji mengi, mboga na kukalia beseni la maji ya uvuguvugu. Usaha ukitoka, mgonjwa aende hospitali.