Kuchagua Kihariri cha Msimbo Penye Taarifa za Wagonjwa

Katika kituo cha afya cha kata kama Igalula, wilayani Uyui, wagonjwa huandikwa katika vitabu vya MTUHA, kisha jumla zake huingizwa katika mfumo wa DHIS2. Jumla hizo hazina majina. Taabu huanza pale mhudumu anapotaka kujibu swali lake mwenyewe, tuseme ni watoto wangapi waliorudi na malaria ndani ya mwezi mmoja, akaandika programu fupi ya kuchambua rejista nzima. Hapo majina ya watu hupita katika kihariri cha msimbo, yaani programu ya kuandikia maagizo ya kompyuta.

Kihariri hufuata lugha. Anayetumia R, lugha ya takwimu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, hufaidika na RStudio, kwa kuwa maagizo, majedwali na grafu huonekana mahali pamoja. Anayejifunza Python na aanze na Thonny, ambayo ni nyepesi, huja na Python ndani yake, na ikishapakuliwa haihitaji tena intaneti. DHIS2 yenyewe imeandikwa kwa Java, na waundaji wake huhitaji mazingira mazito kama IntelliJ IDEA. Mhudumu hana haja nayo, wala kompyuta yake ndogo haitayamudu.

Lililo zito zaidi ni siri ya mgonjwa. RStudio inapofungwa huweza kuuliza iwapo ihifadhi yaliyokuwamo. Mhudumu akikubali, jedwali lenye majina hubaki katika faili ambalo mwenzake wa kompyuta hiyohiyo aweza kulifungua. Uhifadhi huo huzimwa katika mipangilio. Daftari la Jupyter huhifadhi majibu pamoja na maagizo, hivyo anayetumiwa daftari aweza kupokea hata majibu ya vipimo vya VVU. Google Colab hufanya kazi katika kompyuta za Google, nje ya kituo; na baadhi ya viongezi vya akili mnemba katika Visual Studio Code hupeleka mbali maandishi yaliyofunguliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huziweka taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti.

Kwa hiyo majina yabadilishwe kuwa namba kabla ya uchambuzi, na orodha ya kuoanisha ifungiwe kabatini. Hata hivyo, panapofahamiana watu, kijiji, umri na tarehe ya kliniki vyatosha kumtambulisha mtu. Navyo viondolewe visipohitajika.